Kamba Iliyokuwa Nzima kwa Nje

Kabula, mwanangu,

Nakuandikia nikiwa barazani hapa nyumbani Ibadakuli. Ndege ya asubuhi imeshatua, mbwa wa jirani wamenyamaza, na mama yako ameanika mahindi ua mzima hadi hakuna pa kukanyaga. Barua hii naitoa gazetini, wazi, ingawa hukupenda mambo yako yasemwe mbele za watu. Utanivumilia. Kilichokuua kingali kinafanya kazi katika mashimo mengine, na wanaoshuka humo husoma gazeti, hata kama ni kipande kilichofungiwa vitumbua.

Habari ya kifo chako sikuiandika mimi. Mhariri alinikataza, na alikuwa na haki, maana mzazi hawezi kuwa mwandishi na mfiwa katika habari hiyohiyo. Aliiandika kijana mmoja wa kwetu ofisini, kwa ufupi na bila kosa la lugha. Mwishoni aliweka kwamba kamba ya winchi, ile mashine ya kushushia watu shimoni, ilikatika baada ya mwendeshaji kushindwa kuimudu breki. Nilimwuliza nani kasema.

"Wote, mzee. Shimo zima wanasema hivyo."

Unajua tabia yangu. Watu wote wakisema jambo moja kwa maneno yaleyale, mimi hurudi kuuliza upya.

Lakini nianze nyuma kidogo, kwa ajili ya wasomaji wasiokujua. Kumbukumbu yangu ya kwanza kukuhusu wewe na kitu kilichosokotwa ni ile simu ya mezani ya ofisini. Ulikuwa hujaanza shule bado. Mama yako akienda sokoni ulishinda nami, chini ya meza, na simu ile ilikuwa na waya uliojiviringa kama mkia wa nguruwe. Siku moja nilikuwa naongea na ofisa wa wilaya, ukaninyang'anya mkono wa simu, ukauachia uning'inie. Mkono ule ukazunguka, ukasimama, ukaanza kurudi upande wa pili. Ofisa anaita humo ndani, "Haloo? Haloo?" Wewe umekodoa macho.

"Baba, nani anaizungusha?"

"Hakuna."

"Yupo."

Nilipookota simu na kumweleza ofisa kilichotokea, alicheka sana. Akasema, "Mwambie ni serikali." Ulikaa na jibu hilo miaka mingi. Ulipokwenda chuo kikuu Dar kusomea uhandisi, ulinipigia simu kuniambia kwamba umempata anayeizungusha, na kwamba si serikali.

Likizo iliyofuata ulinieleza mezani. Ulichukua nyuzi za cherehani za mama yako, rangi mbalimbali, ukazisokota kuuzunguka uzi mmoja ulionyooka katikati, ukafunga jiwe la kilo tuliloazima kwa muuza dagaa. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Uzi wangu huo, na kesho nina gauni la watu." Hukumsikia.

"Kila waya kwenye kamba, baba, ni kama njia inayopanda mlima kwa kuuzunguka. Ukiivuta kamba, njia zote zinataka kunyooka. Zikinyooka, kamba inarefuka na inazunguka, vyote kwa pamoja. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine."

"Nikiikamata isizunguke?"

"Itakusukuma mkono. Huo msukumo ndio ninaoutafuta kwenye hesabu zangu."

"Na nisipoikamata?"

Uliliachia jiwe. Likazunguka taratibu, na nyuzi za nje zikafunguka, zikalegea.

"Basi nyaya za nje zinapumzika, na mzigo unahamia kwa huyu wa katikati. Yeye amenyooka tayari, hana kona ya kufungua. Anabeba peke yake mpaka anakatika. Na wewe uliye nje huoni kitu, kwa sababu wenzake wamemfunika."

Mama yako hakuinua macho kwenye ungo. "Nyumba za hivyo nazijua," alisema.

Kwenye kompyuta ulikuwa umechora kamba nzima, waya kwa waya, na kila waya una mlinganyo wake. Ulinionyesha kamba moja na mzigo mmoja, mara ya kwanza ncha yake imefungwa isizunguke, mara ya pili imeachiwa. Ile ya pili moyo wake uligeuka mwekundu wakati nyaya za nje zingali za buluu. Ulisema vitabu vinaeleza kamba za migodi mikubwa, zenye wakaguzi na vipuri. Ulitaka kujua kamba ya kwetu, inayoshusha watu kwenye shimo lililochimbwa kwa nyundo na tindo, itupwe lini. Hilo ndilo lililokuwa swali lako, na ndilo lililokupeleka ukanda wa dhahabu wa Geita.

Mara ya kwanza tulikwenda pamoja. Shimo lenyewe, au duara kama wanavyoliita wachimbaji wadogo, sitalitaja jina. Msimamizi wake alikuwa Mzee Nkwabi, Msukuma wa huku kwetu Shinyanga, aliyechunga ng'ombe nusu ya umri wake kabla ya kufuata dhahabu. Mwendesha winchi alikuwa mpwa wake, Masanja, rika lako. Nkwabi alitusalimu, "Mwangaluka," nami nikamwitikia. Wewe ulipiga goti kidogo ukampa shikamoo, na uso wake ukafunguka. Watoto wenye digrii hawampigii goti kila siku.

Ulikiona kitu chenyewe kabla hujanywa maji. Kati ya kamba na ndoo ya chuma palikuwa na kiungo kinachozunguka. Wanakiita shingo. Mfugaji yeyote wa huku anakijua. Hufungwa kwenye kamba ya fahali, ili akikizunguka kigingi kutwa nzima, kamba isijisokote ikamnyonga. Nkwabi alikuwa amepeleka kile cha nyumbani kwake kwa mchomeleaji, akaagiza kikubwa cha kubeba ndoo. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Shimo lile lina matimba, yaani miti iliyopangwa ukutani kuzuia udongo na kuiongoza ndoo isiyumbe. Bila shingo, kamba ikibeba uzito inataka kuizungusha ndoo, ndoo inaegemea matimba, inasugua njia nzima hadi chini. Watu wanachubuka magoti. Wakati mwingine inakwama. Kwa shingo, ndoo ilishuka kimya, imetulia kama imewekwa mezani.

Uliwaambia watoe.

"Iacheni isugue," ulisema. "Ikisugua, mjue kamba imeshikwa. Ikishuka kimya hivi, inajifungua ndani."

"Dada injinia," mchimbaji mmoja alikwambia, amekaa juu ya kiroba cha mawe, "magoti yanayosuguliwa ni ya nani? Yako si yako Dar?"

"Ya kwangu nitakuja nayo mara ya pili. Nitashuka humohumo."

"Hee! Basi tukuwekee mto kabisa."

Walicheka, ukacheka nao. Nkwabi hakucheka. Aliuliza swali zuri. "Fahali wangu ana shingo miaka yote, mwanangu. Mbona kamba yake haijawahi kukatika?"

"Fahali wako anavuta akitaka, baba, na akichoka anakaa chini. Ndoo haikai chini. Inaning'inia muda wote, na uzito wake wote uko kwenye kamba."

Alifikiri. "Tumesikia," alisema. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. Shingo ikafunguliwa tukiwa pale pale. Mwenye duara aliahidi kamba mpya, na ikaja kweli kabla ya mwezi kwisha. Masanja alikupigia kukuambia.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyakusanya kwa waliokuwepo, mmoja mmoja, na nimeacha yale ambayo ni mtu mmoja tu aliyeyasema.

Ulirudi miezi kadhaa baadaye, peke yako. Mimi nilikuwa Kagongwa kwenye mkutano wa wakulima wa mpunga. Ulimwuliza Nkwabi kama shingo iliondoka jumla. Alijibu, "Tulifanya kama ulivyotuagiza, mwanangu." Uliishika kamba kwa kitambaa, ukakipitisha ili kama kuna waya uliokatika kinase. Hakikunasa popote. Kwa nje kamba ilikuwa nzima. Sehemu uliyoweza kuifikia ndiyo uliyoipima. Iliyobaki ilikuwa imelala chini ya mizunguko mingine kwenye ngoma ya winchi. Ukaingia ndani ya ndoo na chaki zako za kuweka alama kwenye matimba. Masanja akakushusha polepole, kama ulivyomwomba.

Ulikuwa umekaribia kufika chini kamba ilipokatika. Ilikatikia juu, penye puli, lile gurudumu la kupitishia kamba, mahali ambapo uzito wote hujumlika, wa ndoo na wa kamba yenyewe. Ndoo haikuanguka mbali. Kamba ndiyo iliyokufuata, ikakuangukia.

Hayo yametosha. Mama yako atasoma.

Polisi walimshikilia Masanja siku hiyohiyo. Wachimbaji walisema aliachia breki ghafla. Ndugu zetu waliokuja msibani walisema wanavyosema watu msibani, kwamba kijana alikuwa amelewa, kwamba aozee ndani. Shangazi yako alitaka ashitakiwe kwa kuua kwa kukusudia. Mama yako alisema neno moja tu juu yake. "Nataka anitazame usoni."

Nilikwenda kumwona. Waliniruhusu dakika chache, askari amesimama mlangoni. Masanja alikuwa amekonda, na shati alilovaa bado lilikuwa na grisi ya winchi.

"Shikamoo, baba Kabula."

"Marahaba. Breki ilifanya nini?"

"Ilishika, mzee."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Sasa kama duara zima limesema niliachia, mimi ni nani?"

"Kwa nini wote waseme hivyo?"

Alitazama chini. Nilingoja, kungoja ndiyo kazi yangu. Mwishowe akasema jambo ambalo halikuwa jibu la swali langu.

"Alifurahi, mzee. Usifikiri aliogopa. Ndoo ilipoanza kusugua matimba alipiga makofi humo ndani. Akapaza sauti, 'Hapo sawa, Masanja! Endelea!'"

"Muda," askari akasema.

Nilipanda basi la kurudi nikiwa na makofi hayo kichwani. Ulikuwa na sababu ya kufurahi. Kelele ile kwako ilikuwa ushahidi kwamba watu wa kawaida walikusikia na wakabadili kazi yao. Lakini kama ndoo ilikuwa ikisugua miezi yote, mara nyingi kwa siku, matimba yangekuwa yamekwisha kulainika. Nimeona matimba ya maduara mengine yasiyo na shingo. Pembe zake zimelambwa hadi zinang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Nikashuka kituo kilichofuata, nikangoja gari la kurudi. Duara lilikuwa limefungwa kwa uchunguzi, lakini mlinzi aliniruhusu nisogee ukingoni. Nililala kifudifudi, nikamulika kwa tochi.

Matimba yalikuwa na magome yake. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake, na mahali pawili buibui walikuwa wamesuka. Katikati ya magome hayo palikuwa na mchubuko mmoja mweupe, mpya, ulioshuka moja kwa moja hadi mwanga wa tochi ulipokoma. Ndoo ilisugua siku moja tu. Ilikuwa siku yako.

Kipande cha kamba kilichobaki juu nacho nilikuwa nimekiona, mikononi mwa wachunguzi. Nyaya za nje zilikatika zikiwa zinang'aa, mipasuko ya siku hiyo. Za katikati zilikuwa zimekatika zamani, ncha zake zimelika, na zilitoa unga mwekundu wa kutu zilipoguswa. Nilimpigia mwalimu wako wa chuo, nikamweleza. Akasema, "Hiyo ndiyo picha ya pili ya Kabula." Alimaanisha ile yenye moyo mwekundu.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Nkwabi. Alikuwa amerudi kijijini kwake tangu duara lifungwe. Nilimkuta anamwagia maji fahali aliyefungwa kwenye kigingi karibu na zizi. Tulisalimiana vizuri. Aliniletea kigoda, akauliza hali ya mama yako, akauliza mvua ya Shinyanga. Nilijibu yote. Macho yangu yalikuwa kwenye kamba ya fahali.

"Dume zuri," nilisema.

"Kali tu. Halina adabu."

"Shingo hiyo ni kubwa kwake."

Aliendelea kuinamisha ndoo ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Na ina grisi nyeusi," nikasema. "Ng'ombe hapakwi grisi, Mzee Nkwabi."

Aliweka ndoo chini. Alikaa juu ya nyasi, si juu ya kigoda, akanyoosha miguu kama mtu aliyetembea mbali.

"Uliirudisha lini?" nikamwuliza.

"Wiki haikuisha baada ya nyie kuondoka. Vijana walinisumbua. Mzee, magoti. Mzee, ndoo imekwama. Kamba mpya ilipokuja, nikaona hii ni nene, ni ya kiwandani, itavumilia. Shingo nikaihamishia hapo."

"Na siku ile?"

"Alipiga simu asubuhi kwamba yuko njiani. Nikamwambia Masanja, toa upesi, ficha. Tukafunga ndoo bila shingo."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama kwamba nimeuliza jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuuliza.

"Baba Kabula, mtoto yule alitupigia goti. Alituita baba. Alitoka mbali akatufundisha bila kutudharau. Aje akute maneno yake tumeyatupa? Ningemtazamaje?"

"Ungemwambia."

"Angekuwa mkaguzi nisingehangaika. Mkaguzi angeiona, angefoka, angeondoka zake. Kabula tulimwonea haya."

Nilifikiria jambo moja, na bado nalifikiria kila siku, kwa hiyo niliandike hapa. Kama wangekudharau kweli, wakaiacha shingo ilivyo, ungeiona. Ungewagombeza, na usingeshuka. Kamba ilikuwa imekwisha kufa ndani kwa miezi ya kufanya kazi na shingo. Kuitoa asubuhi ile hakukuirudishia chochote. Kulikuondolea wewe tu alama ya kukuonya. Hesabu zako zote zilikuwa sahihi. Kitu kimoja ulichokiingiza humo kilikuwa si cha kweli, nacho ulipewa kwa heshima.

"Masanja yuko ndani," nilimwambia.

"Najua. Ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi. Ananinyamazia."

"Na wewe unamnyamazia nani?"

Fahali alivuta kamba. Shingo ikazunguka, laini, haina sauti.

"Vijana waliniomba," alisema. "Serikali ikisikia ni shingo, itafunga kila duara la huku. Tutakula nini? Tukasema breki. Tukaona breki ni jambo la bahati mbaya, hakimu atamwonea huruma, ni kijana."

"Mtu amekufa. Masanja hatatoka kwa huruma."

"Nikisema, atatoka?"

"Sijui. Usiposema, hatoki."

"Na mimi?"

"Sijui, Mzee Nkwabi."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha aliinuka, akamwendea fahali, akafungua shingo, akamfunga kwa kamba tupu. Mke wake alitoka jikoni akauliza, "Baba Masanja, dume litajinyonga hilo, mbona umetoa?" Wanamwita kwa jina la yule kijana, ndivyo alivyomlea. Akamjibu, "Mwangalie wewe mpaka nirudi." Akaifunga shingo kwenye kiroba. Tukiwa njiani kuelekea barabarani alisimama, akaniambia nimsamehe. Nilimwambia tuwahi gari.

Sijui kama jibu lile lilikuwa la haki. Ndilo nililokuwa nalo.

Kituoni kwa polisi alisema yote, hakuzunguka. Aliiweka shingo juu ya meza ya askari. Askari alipofika mahali pa kueleza kwa nini ilitolewa asubuhi ile, alisimamisha kalamu. "Nimwandikie 'kwa nia ya kuficha ushahidi'?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. "Mzee, wewe ndiye mfiwa. Unataka tuandike nini?"

"Andika alivyosema. Alimwonea haya."

Askari aliandika. Lilikuwa jambo geni katika maelezo ya polisi, aliliandika polepole.

Masanja aliachiwa. Alikuja nyumbani Jumapili, na mama yako alipata alichokitaka, Masanja akamtazama usoni. Kisha mama yako akampakulia ugali na mlenda, akamwambia ale yote maana amekonda kama fimbo, na Masanja alikula huku analia. Mama yako alimwambia, "Kula kwanza, utalia ukimaliza." Kuendesha winchi ameacha. Yuko kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anasema huko angalau miguu ya kila mtu iko chini. Nkwabi anangoja kesi yake. Mke wake amehama na mbuzi kwenda kwa kaka yake. Duara limefunguliwa upya na msimamizi mwingine.

Mwalimu wako amemaliza kazi yako. Aliingiza kamba ya duara lile, na miezi yake ya kufanya kazi ncha ikiwa imeachiwa. Alinitumia picha. Nimeitazama mara moja, nikafunga simu. Anasema jina litakalotangulia kwenye andiko ni lako. Nilimwuliza kama andiko litasomwa na wanaoendesha winchi. Alikuwa mkweli, akasema hapana.

Kwa hiyo nasema mimi, kwa lugha ninayoijua. Ninyi wa maduara, shingo ya fahali mwachieni fahali. Kamba ya winchi iliyosokotwa upande mmoja ifungeni isizunguke, iacheni ndoo isugue, vaeni gunia magotini. Kamba iliyowahi kufanya kazi na shingo itupeni hata kama kwa nje ni mpya. Na mtu akija kuwauliza, mwambieni ukweli akasirike.

Nimezunguka maduara mengi tangu uondoke. Kila mahali wananikaribisha vizuri, wananipa kigoda. Nauliza kuhusu shingo. "Tulishatoa, mzee, tulisikia habari ya binti yako. Pole sana." Wengine wanasema kweli. Kwa kuwa siwezi kuwatofautisha kwa maneno, sasa siulizi. Naomba ukingo, nalala kifudifudi, namulika matimba.

Juzi nilifika duara moja upande wa Geita. Kamba safi, ndoo safi, hakuna shingo. Matimba yalikuwa na magome yake. Watu walikuwa chini, na winchi ilikuwa inangoja kuwapandisha. Nilimwambia mwendeshaji asiiguse, awaambie wapande kwa ngazi. Akasema ngazi ni ndefu na ina vidato vibovu. Nikasema vidato wanaviona. Akaniuliza mimi ni nani. Nilikaa juu ya ubao wa ukingoni, miguu yangu shimoni, kwenye njia ya ndoo, nikamwambia jina lako.

Walipanda kwa ngazi. Walichukua muda mrefu, na nilisikia matusi yao kabla sijaona kofia zao. Mmoja baada ya mwingine walinipita bila kunitazama. Wa mwisho alikuwa kijana wa rika lako, tope hadi masikioni. Alisimama mbele yangu, akahema, akataka kunitukana. Kisha malezi yakamshinda.

"Shikamoo, mzee. Umetuharibia siku."

"Marahaba," nilimwambia. "Nimekusikia."

Lala, Kabula. Kesho naamkia barabarani, na mama yako ameniwekea betri mpya kwenye tochi.

Ni mimi,
baba yako